Siku Bibi Alipopanda Kijipu cha Mkwewe

Nyie mliozaliwa lami ikiwa imeshafika Masasi, sogeeni pembeni kidogo. Leo nazungumza na wenzangu, wale tuliokwenda shule na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, tukala mabibo mpaka magauni yakapata madoa yasiyotoka hata kwa majivu, tukachoma korosho kwenye bati lililotobolewa na kurudi nyumbani midomo imebabuka kwa mafuta ya maganda. Sisi ndio tunaojua gari lilikuwa kitu gani. Ukisikia mlio tangu upande wa Nanganga, unaacha hata ugali wa moto, unakwenda kusimama kando ya barabara. Likipita unabaki unalinusa vumbi lake, na kesho yake shuleni unasimulia kana kwamba ulikuwa ndani.

Watoto wa siku hizi wanajua majina ya magari yote ya dunia. Mjukuu wangu atakutajia kwenye simu gari gani lina mbio, gari gani lina viti vya ngozi. Muulize kama amewahi kusukuma gari hata moja, atakutazama kama umemtukana. Sisi tulilisukuma kwanza ndipo tukaruhusiwa kulipanda. Wavulana walikuwa na magari yao ya makopo yenye matairi ya malapa. Sisi wasichana tulikuwa na rede na kombolela, lakini mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiiba magari ya kaka zangu na kuyaendesha nyuma ya choo.

Sasa basi, baba yangu alinunua gari. La kweli.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa Chiwata, mwembamba, mpole, mwenye tepu shingoni hata siku ya Idi. Nusu ya watoto wa Masasi walivaa sare alizoshona yeye. Kulikuwa na mzungu mmoja wa mradi wa maji ambaye suruali zake zote zilipita kwenye cherehani ya baba, maana kila alipopanda mlima zilipasuka makalioni. Mzungu yule alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia baba kijipu chake kwa bei ya kuagana. Mama alipokiona kimesimama uani alizunguka nyuma yake, kisha akauliza, "Na sehemu nyingine iko wapi?"

Kilikuwa kidogo jamani. Milango miwili, viti viwili mbele, na nyuma vibenchi viwili vinavyotazamana, ambavyo ukikaa na mwenzako magoti yanapishana kama meno ya zipu. Juu turubai. Turubai lilikuwa na matundu, baba akalitia viraka vya kitambaa cha sare, kwa hiyo gari letu lilikuwa na kaki ya wavulana wa shule ya msingi na buluu ya wasichana. Mtaa mzima wakaliita Kiberiti. Mwenye duka wa jirani, kila baba akipita, alikuwa akiuliza, "Fundi, leo umelipanda au umelivaa?" Baba anacheka tu, anapunga mkono.

Alilipenda gari lile kwa sababu yake mwenyewe. Mzungu alikuwa amemsimulia habari za kampuni ya kule Japani iliyokitengeneza, na baba alitusimulia sisi akiwa anashona, mguu hauachi kukanyaga. Jina la kampuni silitaji, msije mkasema nimelipwa. Wenye kuijua mnaijua. Aliyeianzisha alikuwa fundi seremala, mtoto wa mkulima wa pamba. Hakuanza na magari. Alianza na mitambo ya kufumia nguo, na inasimuliwa kwamba mtambo wa kwanza alimtengenezea mama yake, apunguziwe kazi. Baadaye, vita ikaja ikapita, biashara ya nguo ikayumba, wakawaza watafanya nini. Wakafunga kiinjini kidogo kwenye baiskeli. Baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa vigari vidogo vya watu wasio na uwezo mkubwa, halafu kikaja kijipu hiki, kidogo lakini kinavuta kwa matairi yote manne, kinapanda mahali ambapo lori linaomba dua. Hivi vigari vya mizigo mnavyoviita kirikuu, vinavyobeba matofali na vitanda vya maharusi, navyo vimetoka nyumba hiyo hiyo.

Baba alikuwa akifika hapo anasimamisha cherehani. "Mtu aliyeanza kwa kumfikiria mama yake," anasema, "kitu chake hakiwezi kuwa cha ovyo." Mama anamjibu toka jikoni kwamba mama wa huyo Mjapani lazima alikuwa mfupi sana.

Nije sasa kwa bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa akiishi juu mlimani upande wa Newala, karibu na Kitangari, kwenye mikorosho yake. Sisi tulikuwa tukienda likizo kwake kwa basi, tunakula mizizi ya ming'oko ya kuchemsha na kisamvu chenye karanga, tunashuka naye bondeni kufuata maji asubuhi na ndoo za saizi zetu. Ndoo ya bibi ilikuwa haimwagi hata tone. Alikuwa akisema, "Maji hayamwagwi, yanaagwa," maana ukishayatumia hujui utayaona tena lini.

Baba hakuwa akienda nasi mara nyingi, na akienda, ni kazi. Mnaojua mila za kwetu mnajua mkwe ni nani. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Baba akimwona bibi njiani anaacha njia, anaingia kwenye mikorosho mpaka apite. Akimsalimu anachuchumaa mbali, kaangalia pembeni. Wakitaka kuambiana neno wanamtuma mtoto, hata kama wanasikiana. Mimi ndiye nilikuwa posta yao. "Bibi, baba anasema shikamoo." "Mwambie marahaba, na kuku wake yuko pale." Baba alikuwa ameshasikia, lakini anasubiri nimfikishie ndipo anashukuru. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, tena ya hali ya juu, na ukiivunja unatozwa mbuzi, na aibu yake haimalizwi na mbuzi.

Mwaka ule ule baba aliponunua gari, bibi aliacha kuona. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwanza alianza kumwaga maji, ndipo tukajua hali ni mbaya. Tulipokwenda likizo alinishika uso kwa vidole, akanipapasa pua na masikio, akasema nimekua. Mimi nililia, nikajificha nyuma ya ghala nisionekane, halafu nikakumbuka kwamba hata nikilia mbele yake haoni, nikalia zaidi.

Basi ikatangazwa msikitini na kanisani kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali moja ya kule kwetu Masasi. Wanapasua mtoto wa jicho, na watakaa siku chache tu. Basi la Newala lilikuwa limeharibika, lori za korosho msimu wake bado. Mama akamtazama baba. Baba akatazama kijipu. Wote wawili walikuwa wanawaza kitu kimoja, wala hakikuwa mafuta. Walikuwa wanawaza namna mama mkwe atakavyokaa ndani ya gari lile na mkwewe.

"Hatakubali," baba akasema. "Atakubali kupofuka kwanza."

"Twende," mama akasema. "Mengine niachie mimi."

Tukaondoka asubuhi, baba, mama na mimi. Kijipu kikapita bondeni vizuri, kikaanza kupanda mlima wa Newala kama mbuzi. Baba alikuwa akikisemesha, "Haya bwana, haya bwana." Katikati ya mlima kikaanza kufuka mvuke. Rejeta imekauka. Dumu letu la maji kutazama, limetoboka njiani, halina kitu.

Wakati ule wakapita wanawake wanatoka bondeni, ndoo kichwani, jasho linawatiririka. Sasa niambie wewe unayejua Newala ya zamani: unamwombaje mwanamke wa huku maji aliyoyapandisha mlima, ukampe gari? Afadhali umwombe hereni. Baba alichuchumaa kando ya barabara, akawaamkia shikamoo. Mama mmoja mtu mzima akasimama, ndoo haikutikisika.

"Marahaba. Unakwenda wapi na hicho kitoto cha gari?"

"Kitangari, mama. Namfuata mkwe wangu. Macho yamezibika, na madaktari wanaondoka."

Yule mama akaita wenzake wamtue ndoo. "Mtu anayemfuata mkwe wake hanyimwi maji," akasema, akachota kata yake akamimina. Wenzake nao wakachota, mmoja mmoja. Wa mwisho, msichana, akasema, "Lenyewe dogo, halinywi sana." Wakacheka wote, na baba akacheka, ingawa niliona anafuta macho kwa ile tepu yake ya shingoni.

Tulipofika kwa bibi, baba alisimama mbali, nyuma ya mikorosho, kama desturi. Mama akaingia ndani kumwambia mama yake habari za madaktari. Bibi alifurahi, akaanza kutafuta khanga yake ya safari. Kisha akauliza tunakwenda na nini. Mama akasema ni gari la baba Somoe. Somoe ndiye mimi. Bibi akaiweka khanga chini.

"Mimi na mkwe wangu gari moja? Unataka nifanywe nini na watu?"

"Ni gari kubwa, mama," mama akasema. "Kubwa sana. Yeye kwake huko mbele, wewe kwako."

"Kubwa kama nini?"

"Kama lile la kubebea korosho."

Nilimtazama mama. Mama alinikazia jicho moja ambalo sijalisahau mpaka leo. Bibi akafikiri sana. Hakujua gari la mkwewe lilivyo, maana tangu baba alinunue, yeye alikuwa haoni. Akasema, "Kama ni lori, sawa."

Mama alimwongoza mkono mpaka kwenye kijipu, akaweka kigoda. Bibi akauliza kwa nini kigoda. Mama akamwambia gari ni refu, halipandiki hivi hivi. Hapo hakusema uongo, maana vijipu vile vimesimama juu kama kuku wa kienyeji. Bibi akaridhika. Gari la kupandia kigoda, akasema, hilo gari.

Tatizo likawa nyuma. Nyonga zake hazikuweza kuvuka kwenda kwenye vibenchi. Ikabidi akae mbele. Mbele kwenyewe ni viti viwili, yeye na dereva, yaani mkwewe, bega kwa bega! Mama akakunja blanketi, akaliweka pale katikati kwenye gia, akanikalisha mimi niwe ukuta. Yeye akaenda nyuma na mizigo na kuku. Baba akaingia kwa kunyata kama mwizi wa mayai, akafunga mlango taratibu, akawasha.

Safari ile, wenzangu, sikujua nicheke au nilie. Kila baba akibadili gia nainua goti. Alikuwa amekatazwa na mama hata kuhema. Yeye aliyezoea kukisemesha kijipu chake, leo kimya, midomo ameibana. Bibi amejifunika khanga mpaka puani, amekaa kwa adabu, anaamini mkwewe yuko mbele huko, mbali. "Mwambie baba yako apunguze mwendo," ananiambia. Namgeukia baba, ambaye sikio lake liko hapa, namwambia, "Baba, bibi anasema upunguze mwendo." Mara vumbi likaingia, baba akakohoa.

"Mbona baba yako anakohoa karibu hivyo?" bibi akauliza.

"Upepo bibi. Unaleta sauti."

Nyuma nilisikia mama amejiziba mdomo kwa kitenge, benchi linatetemeka.

Tulipoanza kuteremka mlima kicheko kilitutoka. Barabara ilikuwa na mashimo na mawe, kona baada ya kona. Kijipu kikarushwa, bibi akaogopa, akatupa mkono kutafuta cha kushika. Mkono ulinipita mimi, ukamkamata baba, hapa juu ya kiwiko. Akakaza. Mtu asiyeona akiogopa hashiki kidogo. Baba aligeuka rangi. Hakuuondoa mkono wake. Aliteremsha gari lile mlima mzima kwa mkono mmoja, na kila ilipobidi kubadili gia alinipa ishara kwa kidevu, nami nikaivuta kama nilivyomwona akifanya. Bibi akasema, "Somoe, mkono wako umekuwa mgumu mjukuu wangu. Unafanya kazi sana." Nikaitikia, "Ndiyo, bibi." Alimshika mkwewe mpaka tambarare, na baba jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayelima.

Bibi akapasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa pale, mama na mimi, na baba huko nje kwenye uzio. Bibi alipepesa macho, akamtazama mama kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mbona umezeeka?" Mama alicheka, machozi yanadondoka. Kisha akanitazama mimi, akasema nina meno ya babu. Sijawahi kusifiwa meno na nikafurahi vile.

Tukatoka uani. Bibi akaikataa fimbo. Uani kulikuwa na lori la hospitali, kubwa, limeegeshwa kivulini, na pembeni yake kijipu chetu na viraka vyake vya sare. Bibi akachanganya miguu mwenyewe, kifua mbele, moja kwa moja mpaka kwenye lori. Akalipigapiga ubavuni. "Ndilo hili," akasema. "Mwambie baba yako gari lake zuri."

Mama akainamisha kichwa. Aliniambia baadaye kwamba pale alijua amekwisha. Mama yake ataona, na akishaona atajua, na akishajua atarudi Kitangari kwa miguu, na ukoo mzima utasikia kwamba fundi alimshika mkwewe. Nani atamwelewa? Tulimpa bibi macho ili ayatumie kutuona sisi tulivyomdanganya.

Ikanibidi mimi niseme. "Siyo hilo, bibi. Ni hili."

Bibi akageuka. Akakitazama kijipu toka boneti mpaka nyuma, na haikumchukua muda, maana hakikuwa na urefu. Akasogea, akachungulia dirishani. Akaona viti viwili. Akaona blanketi langu pale katikati. Akanyoosha mkono wake toka kiti hiki mpaka kile, ukafika, ukapita. Kisha akauchukua mkono wangu, akaubinya juu ya kiwiko, mkono wa mtoto, mwembamba, laini. Akaniachia. Akamtazama baba kule kwenye uzio, amempa mgongo, kichwa chini, anasubiri hukumu yake.

Bibi akaivuta khanga yake mpaka puani, kama inavyotakiwa mbele ya mkwe.

"Somoe," akasema, "mwambie baba yako mkono wake uliniteremsha salama. Aje afungue mlango, twende nyumbani."

Nilikimbia kumfikishia. Alikuwa ameshasikia, mabega yanamtikisika. Alisubiri nimalize kusema yote, neno kwa neno, ndipo akaja, kaangalia pembeni, akafungua mlango, akaweka kigoda. Bibi akapanda akiona. Njia nzima aligeukia dirishani, mkwewe asije akamwona uso, akawa anataja kila alichokiona: korosho zile zimepaliwa, nyumba ile imeezekwa bati, mbuzi yule ana mimba. Alivitaja mpaka Newala, na mimi katikati sikuacha kuinua goti.

Baba na bibi waliishi miaka mingi baada ya hapo na hawakuwahi kutazamana usoni. Mtu aliyemcheka baba kuhusu Kiberiti mbele ya bibi aliondoka bila kuaga.

Leo ukiniambia Masasi mpaka Newala ni safari, nitacheka. Lami tupu, unakunywa soda yako Masasi, chupa haijapata joto mkononi, uko juu. Mabomba yamefika mahali pengi, na wasichana wa Kitangari hawajui njia ya bondeni, nami nasema alhamdulillahi, wasiijue. Vijipu vile navyo vimerudi, vipya, vinang'aa, vijana wa mjini wanavitaka kama pipi. Wanavipanda wakiwa wamenyoosha miguu, wanapiga picha, wanasema ni vizuri kwa sababu ni vidogo. Tungewaambia nini? Mtaani kwetu walichelewa kulijua hilo.

Mimi mwenyewe sasa ni mama mkwe. Mume wa binti yangu ana kimoja, rangi ya ndimu. Kijana huyu, nikwambie ukweli, hana haya hata chembe. Ananikumbatia. Ananifunga mkanda mwenyewe, ananiita "bi mkubwa," ananitania mbele za watu. Mwanzo nilikuwa najivuta mlangoni mpaka mbavu ziume. Nilisema moyoni, ama kweli dunia imekwisha, mkwe ananitazama machoni kama muuza vocha. Heshima ile ya baba, ya kuacha njia na kuingia kwenye mikorosho, haipo tena, na nikikaa peke yangu naililia. Ilikuwa nzuri. Ilitufundisha kwamba kuna watu unaowapenda kwa kuinamisha kichwa.

Lakini jicho langu la kushoto limeanza kuingia ukungu, na juma lijalo kijana huyu ndiye anayenipeleka hospitali. Nimemjua vya kutosha, atapiga porojo toka hapa Newala ninakoishi sasa mpaka Masasi, nami nitamjibu mwenyewe, hatutamtuma mtoto. Na wakishanifungua bandeji, nikatoka uani naona, nitamtazama usoni nimwambie asante. Baba yangu asante yake aliipata kwa mdomo wangu mimi, ameupa mgongo uso wa bibi, na alikuwa akiisimulia mpaka alipoacha kushona.